Mchezo wa Nyumba ya Shangazi

Mchezaji wa kwanza aliinuka kabla hajafika jikoni. Alikuwa dereva wa pikipiki, mtu mzima mwenye ndevu, aliyeingia kujikinga mvua katika chumba cha michezo pale Kadutu, mtaa wa Bukavu. Tulimwomba ajaribu kitu chetu kipya naye akakubali kwa upole. Akashika manete, kile kidude cha mikono miwili ambacho nusu ya mji wanakitumia kuchezea mpira kwenye televisheni, akabonyeza vifungo vyote, kimoja baada ya kingine. Kwenye skrini mbele yake hakuna kilichobadilika. Sebule ya matofali, dirisha dogo, kalenda ya parokia ukutani, na mwendo uleule wa mtu asiye na haraka.

"Bunduki iko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna bunduki.

"Na ya kukimbia?"

Nikamwambia hakuna kukimbia.

"Sasa miye nafanya nini humu ndani?"

"Unatembea tu, papa. Unaangalia."

Akaangalia. Akasogea hadi kwenye kabati, akalifungua, akakuta vikombe. Akalifunga. Kisha akasema muchezo ni muzuri lakini iko na panne, yaani umeharibika, akanirudishia manete kwa heshima kama mtu anayerudisha sahani aliyoshindwa kumaliza, akatoka nje kusimama chini ya bati na wenzake. Nilimwona kupitia mlangoni, mikono mfukoni, akitazama mvua. Mvua haikumchosha. Nyumba yangu ilikuwa imemchosha.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Kwa miaka mingi nilichorea watu wanaojenga kwenye miteremko ya Bukavu, ambako kila nyumba inasimama juu ya kichwa cha nyingine, na ukikosea ukuta wa kuzuia udongo unamkosea jirani wa chini. Halafu vita vikaingia, mji ukabadilisha wakubwa, banki zikafungwa, na watu wakaacha kujenga. Mafundi wakarudi makwao. Mimi nikabaki na kompyuta yangu na mwili usiojua kukaa. Mama yangu, ambaye naishi naye Nguba, husema tangu utotoni nakula nimesimama. Ni kweli. Nikingoja maji yachemke nafagia. Nikizungumza kwenye simu napanda na kushuka ngazi. Miezi ile ya kwanza bila kazi nilikuwa natoka asubuhi, napita Nyawera, napanda mpaka sokoni, narudi, bila kununua chochote wala kumtembelea mtu, na nikifika nyumbani nahisi kama nimesahau kitu huko nilikotoka.

Mwenzangu niliyefanya naye mchezo ni mtu wa namna nyingine. Ni fundi wa kompyuta, baba wa familia anayekaa Panzi, na sauti yake haijawahi kupanda mbele yangu. Zamani alikuwa akitengeneza mashine za ofisi yetu. Siku moja aliniletea kwenye flashi mchezo wa kigeni, akaniambia nijaribu, huenda ukanituliza. Katika mchezo huo unarudi nyumbani unakuta hakuna mtu. Unatembea chumba hadi chumba, unafungua droo, unasoma vikaratasi vilivyoachwa, na polepole unaelewa familia ile ilipatwa na nini. Basi.

Niliucheza nimesimama, kompyuta juu ya friji. Kila mlango niliufungua huku nimeshika pumzi, maana michezo yote niliyowahi kuona kwa kaka zangu ilinifundisha kwamba nyuma ya mlango kuna kitu kinachokungoja. Hakikuwepo. Nikakasirika. Nikamtumia mwenzangu ujumbe kumwambia mchezo wake haufiki popote, naye akajibu tu kwamba niendelee. Nikaendelea, nikilaani ule mwendo wa kobe. Ulipofika mwisho hakuna aliyenirukia kutoka popote. Ilikuwa familia iliyohuzunika ikatawanyika, kama familia nyingine. Nikajikuta nimekaa kwenye kiti, kompyuta mapajani. Sikujua nimekaa saa ngapi.

Kesho yake nilimwambia nataka tufanye wetu. Akauliza nyumba gani. Sikuhitaji kufikiri. Dada mkubwa wa baba yangu alikuwa na nyumba Mudaka, matofali na bati, jiko limejitenga nyuma, na likizo zote za shule nilizimaliza huko nikimfuata shambani na sokoni. Alipofariki, wanawe wakauza kiwanja na aliyenunua akaibomoa nyumba ajenge depo ya bidhaa. Sina picha ya nyumba ile hata moja. Nilikuwa na vipimo tu, si vya karatasi, vya mwili: mahali nilipoinama kupita mlangoni, kona iliyoniumiza goti, umbali kutoka kitandani hadi dirishani nikinyoosha mkono.

Nilichora. Kurani, yaani umeme, ikija nachora, ikikatika nazunguka mtaani nikijaza betri ya simu kwa watu. Mwenzangu aliandika ile sehemu nisiyoijua, inayofanya droo zifunguke na redio iseme. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mchezaji atatembea kwa mwendo wa shangazi, na shangazi alitembea polepole. Hakuna adui, hakuna alama, hakuna kushinda. Unaingia nyumbani kwake wakati yeye hayupo, unaangalia vitu vyake, na kupitia vitu hivyo unamjua. Ili nyumba isiwe kama makumbusho, niliweka dalili za uhai kila mahali. Mlango wa mbele uko wazi. Kikombe cha chai nusu mezani. Sufuria iko motoni, mvuke unatoka. Sufuria ile niliichora wiki nzima na niliipenda kuliko vyote.

Baada ya yule dereva walikuja wengine. Mwenye chumba cha michezo, mama mmoja mchangamfu aliyetuachia mashine moja kila alasiri, alikuwa anawashawishi wateja wake kwa niaba yetu. Nilisimama nyuma yao na vidole vyangu viliwasha. Mwanafunzi wa chuo aligonga kuta zote akitafuta mlango wa siri. Fundi cherehani akauliza kama ni nivo ya kwanza, hatua ya kuanzia tu, na nivo ya pili yenye watu itakuja lini. Wawili walijaribu kuruka dirishani. Karibu wote waliuliza swali la yule dereva, ya kukimbia iko wapi.

Tulikuwa tunashuka kuelekea mjini, siku ya pili au ya tatu ya majaribio hayo, mwenzangu akasema labda tuweke kifungo cha kukimbia. Kazi ndogo, akasema, ya saa moja. Nikamwambia akiweka kukimbia watapita nyumba nzima kwa dakika chache na hawatakuwa wameona kitu. Akasema hata sasa hawaoni kitu, maana wanaondoka. Nikamwambia wajifunze. Tukashuka mwendo mrefu, tukipishana na wabeba mizigo wanaopanda na magunia ya makaa. Halafu akasimama.

"Weye huwezi kungojea chai ipoe," akasema. "Juu ya nini unataka bantu bangoje kwako?"

Nilimwacha hapo nikashuka peke yangu. Hasira yangu ilikuwa ya ajabu: mimi niliyekuwa nakimbia mji mzima bila sababu nilitaka dunia yote itembee polepole ndani ya ile nyumba moja. Nilipofika chini ya mlima nilikuwa bado namjibu moyoni.

Hatukusemezana siku kadhaa, lakini majaribio tuliendelea nayo, kila mmoja akikaa upande wake wa mashine. Ndipo akaja mwalimu.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia Bukavu kutoka Kamanyola, na alikuwa amemsindikiza mdogo wake wa kiume anayependa mpira. Mwenye chumba alimwambia kuna mchezo usio wa kelele. Akakaa, akaweka mkoba wake miguuni, akashika manete bila kubonyeza hovyo. Akatembea. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu akitembea katika nyumba ile kama nilivyotaka: polepole, akisimama, akigeuza kichwa. Nilimtazama mwenzangu kwa jicho la ushindi. Mwalimu aliangalia kikombe cha chai muda mrefu. Alipita sebuleni, akatoka uani, akafika jikoni, akaiona sufuria. Akarudi. Akafika kwenye mlango wa chumba cha kulala, ambao niliuchora ukiwa umeegeshwa tu, na hapo akasimama.

Nilidhani mashine imekwama. Nikainama kuangalia. Manete ilikuwa mapajani kwake na mikono yake ilikuwa pembeni.

"Bantu ya hii nyumba bako wapi?" akauliza.

Nikamweleza kwamba mwenye nyumba yuko shambani, hakuna shida, ni wewe tu unaangalia.

"Mulango iko wazi," akasema taratibu, kama anayemsomea mtoto. "Chai iko pa meza. Sufuria iko ku moto. Na hakuna mutu." Akanitazama. "Dada, miye nilishapita mu nyumba kama hii. Humo mu chumba siingie."

Hakulia wala hakulalamika. Alimwita mdogo wake, akatushukuru, wakaenda. Kelele za mpira ziliendelea kwenye mashine nyingine. Mwenzangu alizima yetu.

Siku ile nilitembea kweli. Nilitoka Kadutu, nikapita mjini, nikafuata barabara ya ziwani mpaka Muhumba, nikarudi, mvua ikanilowesha na kunikaukia mwilini. Kila nilipogeuka niliiona sufuria yangu. Mimi niliiweka ili kusema kuna mtu hapa, anarudi sasa hivi. Yeye alisoma kwamba watu walikimbia na chakula kikabaki. Nilikuwa nimewalaumu wachezaji wote kwa kungoja bunduki, nikidhani ni michezo mingine iliyowazoesha vibaya. Wengine ndiyo. Lakini nikamkumbuka yule mwanafunzi aliyegonga kuta na wale wawili wa dirishani, nikajiuliza kama walikuwa wanatafuta siri au wanatafuta pa kutokea. Nyumba kimya yenye mlango wazi, katika mji wetu, na mwendo unaokunyima mbio. Nilichoita utulivu kilikuwa ni mtego kwa mtu aliyekaa kwenye kiti kile.

Nilimpigia mwenzangu simu. Hakunikumbusha ugomvi wetu. Alishauri tuondoe sufuria. Tukaiondoa, tukafunga mlango, tukamwaga chai, na nyumba ikawa ya marehemu; mimi mwenyewe niliipita upesi nikitaka kutoka. Tukajaribu muziki. Ukafanana na tangazo la sabuni. Ni yeye aliyesema mwishowe, akiwa amechoka, kwamba shida si vitu, shida ni kwamba hakuna anayekaribisha. Unaingia kwa mtu, hakuna hata anayeuliza ni nani.

Kuchora mtu sikuweza. Najua kuta, mtu nikimchora anafanana na kabati lenye miguu. Lakini sauti tungeweza. Na sauti ya shangazi, kati ya watu waliobaki, ilijulikana kwa mmoja tu vizuri, naye ni mama yangu, ambaye alikuwa wifi yake kwa miaka zaidi ya thelathini na hawakupendana.

Nilimwomba nikitegemea atakataa. Akauliza tu kama atalipwa soda. Kwa sababu ya pikipiki za barabarani tulimkalisha ndani ya kabati la nguo, milango nusu wazi, simu ya mwenzangu ikirekodi juu ya rundo la vitenge. Nilikuwa nimemwandikia maneno. Akayasoma mara moja, akaniambia yule mama hakuwahi kusema hivyo maisha yake yote. Kisha akaanza kumwigiza kwa kejeli, akivuta maneno, akikohoa kati yake, mpaka mwenzangu akaziba mdomo asicheke ndani ya rekodi.

Akaita kama anayeita kutoka mbali, nyuma ya nyumba: "Njo nani huyo? Ingia, ingia. Niko huku ku mboga, ninakuya." Akaongeza salamu kwa lugha ya Mashi, ile ndefu inayouliza habari za kila mtu wa nyumbani kwako.

Mara ya pili kejeli ilipungua. Mara ya tatu haikuwepo. Sauti iliyotoka kabatini ilikuwa ya shangazi kabisa. Mama aliposema tena ilikuwa kwa sauti yake mwenyewe.

"Alikuwa anatembea polepole mpaka ninakasirika," akasema. "Tukienda soko, miye nafika, nauza, namaliza, yeye iko bado mu njia, anasalimia bantu. Nilikuwa nasema huyu mama ananichelewesha." Akatoka kabatini akijifuta jasho la shingoni kwa kitenge. "Siku ya kumuzika, ile njia yote bantu banatuzuiliaka. Kila nyumba. Banataka kusema alibasalimia."

Akaenda jikoni. Nilisikia akifungua bomba na kuliacha wazi muda mrefu.

Tukarudisha sufuria, chai, na mlango wazi. Tukaiweka sauti: unapokanyaga kizingiti tu, shangazi anaita kutoka uani. Tukaenda Kadutu na matumaini makubwa, na tukapata tatizo jipya ambalo hakuna kati yetu aliyeliwazia. Mchezaji wa kwanza, mzee fulani muuza vipuri, alisikia sauti, akaitikia kwa mdomo wake, kwa Mashi, kila swali. Halafu akasimama katikati ya sebule, manete mkononi, hafanyi kitu.

Nikamuuliza kama anahitaji msaada.

"Mama amesema anakuya," akanijibu. "Namungoja."

Asingeweza kufungua kabati za mtu aliyemwambia anakuja. Wa pili akafanya hivyohivyo, na wa tatu. Baada ya wiki nzima ya watu wasioweza kusimama, sasa tulikuwa na watu wasioweza kusogea. Mwenzangu alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na mimi nikacheka, na mwenye chumba akatuuliza kuna nini. Mzee yule alingoja mpaka kurani ikakatika, akaaga akisema tumsalimie mama.

Ikabidi mama aingie tena kabatini. Safari hii alirekodi mara moja tu: "Muzunguke, muzunguke tu, nyumba ni yenu. Miye sichelewi." Alitoka na kuniambia hapo amesema uongo, maana shangazi alichelewa siku zote.

Hiyo ndiyo iliyofungua nyumba. Si kwa wote. Wanaotaka bunduki bado wanataka bunduki, na sina ugomvi nao tena. Lakini wengine wakaanza kuzunguka. Walifungua droo wakizungumza na yule asiyeonekana, wakimuomba radhi, wakimuuliza kitambaa hiki ni cha nani. Kuhusu kifungo cha kukimbia tulikubaliana kwa namna isiyokuwa yangu wala yake: ukibonyeza pale ambapo watu huzoea kukimbia, unakaa. Kiti chochote, kigoda chochote, kitanda. Alikifikiria yeye, na nilikipinga siku mbili kabla ya kukubali.

Mwalimu hatukuthubutu kumwita. Aliletwa na mdogo wake, aliyekuwa amemsimulia habari za mama anayeongea. Alikaa, akaweka mkoba pale pale miguuni. Sauti ilipoita aliinua kichwa, akaizungukia nyumba yote kwa macho, akatoka moja kwa moja kuelekea uani. Nilishtuka. Hakuna aliyewahi kwenda moja kwa moja uani. Alikuwa anaifuata sauti. Alifika mwisho wa ulimwengu wetu, kwenye ua wa miti niliouchora kwa haraka, ambapo nyuma yake hakuna mboga wala mtu, ni rangi ya kijani tu, na akabaki pale akijaribu kupita.

"Haonekane?" akauliza.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia siwezi kumchora, na kwamba ni shangazi yangu, alifariki, na sauti ni ya mama yangu. Alinisikiliza bila kuondoa macho kwenye ule ukijani.

"Lakini hakukimbia," akasema.

"Hapana. Aliugua, tukamuzika Mudaka."

Alirudi ndani. Katika chumba cha kulala aliingia kwa kusita, akaangalia kitanda na rozari juu ya msumari, akatoka upesi. Halafu akaenda jikoni, akabonyeza, akakaa kwenye kigoda kando ya sufuria. Akakaa. Mvuke ulipanda na kuta zikawaka na kufifia kwa moto ule mdogo, ambao mwenzangu aliuandika usirudie mara mbili kwa namna moja. Shangazi akakohoa huko nyuma. Kulikuwa na chumba kizima kilichobaki, ghala, chenye kitu ambacho hadithi yote ya mchezo wetu inakielekea, na ulimi wangu ulikuwa umejaa kumwambia aende ghalani. Nilihamisha uzito mguu huu na ule. Mwenzangu alinigusa kiwiko. Nikaenda kusimama mlangoni, nikarudi, nikaenda tena, na yeye alikuwa bado amekaa.

Vijana wa mpira wakaanza kuguna nyuma yetu kwamba zamu imepita. Mwenye chumba akaja akaweka mkono begani kwa mwalimu, akamwambia samahani, mashine inahitajika. Mwalimu akaweka manete chini. Aliniuliza kwenye sufuria ile kulikuwa na nini, nikasema maharage, akaniambia basi yalikuwa yanakaribia kukauka, niongeze maji. Akachukua mkoba wake, wakatoka na mdogo wake kutafuta pikipiki kabla ya mvua.